Chungu Kimoja, Wanafunzi Watano: Vyakula vya Mwaka Mmoja Katika Lubumbashi

Mzazi mwenye mtoto katika chuo kikuu humwuliza mara nyingi: «Masomo yaendeleaje?» Ni wachache wanaouliza: «Mwanangu, wala nini huko?» Walakini swali hili la pili lina uzito wake, maana mwenye njaa husikia sauti ya mwalimu bila kushika maneno yake. Basi leo tungependa kuwaeleza vyakula tulivyovipenda kupita vyote katika mwaka wa masomo, tangu mwezi wa kumi 2024 hata mwezi wa saba 2025, sisi wanafunzi watano wa mji wa Lubumbashi. Hatutasema habari za kila siku, kwa kuwa siku nyingi zilifanana: bukari na maharagi, kisha maharagi na bukari. Tutasema vile tu ambavyo hatutavisahau, na sababu ya kutovisahau.

Sisi watano twatoka pande mbalimbali za Kongo. Mmoja alizaliwa papa hapa Lubumbashi, katika Katuba. Wa pili ni wa Kolwezi, mji wa migodi. Wa tatu ni wa Kasenga, kando ya mto Luapula. Wa nne ni wa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Wa tano ni wa Bukavu, kando ya ziwa Kivu. Tulipanga vyumba viwili katika ua mmoja, tukanunua mbabula moja, sufuria mbili na mwiko mmoja. Mwanzo wa kila mwezi kila mtu alitoa sehemu yake ya feza. Ndugu wa Kalemie, mkubwa wetu kwa umri, alitunza daftari ya matumizi, akaandika humo hata kijiti cha kiberiti.

Bukari ao bugali?

Ugomvi wetu wa kwanza ulitokea juma la kwanza, nao ulikuwa juu ya unga. Wenzetu wa Lubumbashi na Kolwezi walisema kwamba bukari ya kweli ni ya mahindi meupe, laini, isiyovutika mkononi. Wa Kalemie na wa Bukavu wakacheka. Kwao bugali ni wa mihogo, mzito, unaovutika vizuri na kukaa tumboni hata jioni. Kila upande ulisema: «Hiki ndicho chakula cha wazee wetu.»

Kumbe, pande zote mbili zilikuwa na wazee wasiotosha! Mahindi na mihogo havikuzaliwa katika Afrika. Vyote viwili vilitoka Amerika, vikaletwa na merikebu za Wareno tangu miaka ya 1500 na kuendelea, vikaingia bara polepole, kijiji hata kijiji. Wazee wa kale wa Katanga walisaga mtama na ulezi. Na kama watu wa Lubumbashi wamependa mahindi kupita mihogo, sababu yake si ya zamani sana. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka ule ule reli kutoka kusini ikafika. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya kila juma, na ndani ya posho ile ulikuwamo unga wa mahindi, ambao mwingi ulikuja kwa gari la moshi kutoka Rhodesia. Watoto wakazaliwa na kukua kwa unga ule, nao wakaufanya kuwa desturi ya nyumba.

Hata leo Lubumbashi hununua mahindi na unga mwingi kutoka Zambia. Nasi tulionja jambo hilo kwa ulimi. Mvua ilikosa kule Zambia, na tarehe 29 mwezi wa pili 2024 Rais wa nchi hiyo alitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Mahindi yakakatazwa kutoka nje. Tulipofika mwezi wa kumi kuanza masomo, bei ya gunia ilikuwa imetushinda. Ndipo mwenye daftari akaamua: sehemu mbili za mahindi, sehemu moja ya mihogo. Unga ulipochanganywa, bukari na bugali vikawa kitu kimoja, na ugomvi ukaisha. Chakula kile cha mapatano ndicho cha kwanza kwenye orodha yetu. Tulikipenda baada ya siku kumi hivi, na tunakula hivyo hata sasa.

Zawadi za mvua

Mvua za kwanza ziliponyesha vizuri, mama wa mwenzetu wa Katuba alituchukua siku ya Posho hata barabara iendayo Likasi. Kule wamama na watoto husimama kando ya njia wakiuza uyoga. Mwenzetu wa Bukavu alisimama akitazama kwa mshangao, maana uyoga mmoja ulimfunika mtoto kichwa kama mwavuli. Huu ndio uyoga wa kichuguu, mkubwa kuliko uyoga wote uliwao duniani: kofia yake yaweza kufika upana wa mita 1. Mchwa wenyewe ndio wanaoulima. Hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna, huvifanya kama shamba dogo ndani ya kichuguu, na katika shamba lile uyoga huota. Mvua inapolowesha udongo, uyoga hutoka nje, na mtu huvuna asipopanda.

Mama aliupika pamoja na karanga zilizotwangwa na kitunguu kimoja. Hatukutaka nyama siku ile. Lakini alitupa onyo, nasi twalirudia kwa wasomaji vijana: usichume uyoga wowote kwa akili yako mwenyewe. Uko uyoga mzuri wa sura unaoua jamaa nzima. Nunua kwa anayeujua tangu utoto wake, ao usinunue.

Baadaye vilikuja viwavi, vimekaushwa juani. Ndugu wa Bukavu alikataa. Alisema: «Kwetu wadudu huua mboga, hawawi mboga.» Mama wa Katuba hakumlazimisha. Alivichemsha, akavikaanga kwa mafuta kidogo, chumvi na pilipili, akaweka sahani katikati, akaendelea na kazi yake. Tulipogeuka, mgeni wetu alikuwa amekwisha kula kimoja, na mkono wake ulikuwa njiani kuchukua cha pili. Wataalamu wa chakula wamepima viwavi vikavu, wakaona kwamba aina nyingi zina proteini karibu nusu ya uzito wake, ao kupita nusu. Basi wale wanaowacheka wenzao kwa kula viwavi wawaza kama hivi: chakula kilicho katika kopo ni cha wastaarabu, chakula kilicho katika mti ni cha washenzi. Tumbo lao halijui tofauti hiyo.

Lakini liko jambo la kusikitisha. Viwavi hula majani ya miti ya msitu, na uyoga wa aina nyingi huishi pamoja na mizizi ya miti ile ile. Mti ukikatwa, viwavi vyakosa majani, na uyoga ule hauoti tena. Nasi sote katika Lubumbashi twapika kwa makala, nayo makala ni miti hiyo hiyo. Mbabula yetu ilikuwa ikichoma chakula cha kesho ili kupika cha leo. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia watu wote juu ya kuitunza dunia, nyumba yetu sote, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015. Maskini hawawezi kuacha makala siku moja. Sisi tulianza kwa neno dogo: kuloweka maharagi usiku mzima kabla ya kuyapika, na kufunika sufuria daima. Mwenye daftari alithibitisha kwamba gunia la makala lilidumu siku nyingi zaidi.

Samaki wawili, ukoo mmoja

Wakati wa Noeli watatu kati yetu hawakuweza kusafiri, maana nauli ilikuwa kubwa na njia ndefu. Mama wa Katuba alitupokea baada ya Misa, akatupa wali, kuku, na sombe iliyotwangwa vizuri na kupikwa muda mrefu pamoja na mawese. Mnajua, ninyi wamama, kwamba sombe isiyochemshwa vya kutosha si chakula, kwa kuwa majani ya mihogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kwa moto.

Mwanzo wa mwezi wa kwanza 2025 vifurushi viwili vilifika kwetu kwa juma moja. Kimoja kilitoka Kalemie, kimejaa ndakala. Kingine kilitoka Bukavu, kimejaa sambaza. Tulivimwaga vyote viwili juu ya gazeti, tukaona samaki wadogo wa rangi ya feza, wanaofanana kama watoto wa mama mmoja. Na ndivyo walivyo. Zamani ziwa Kivu halikuwa na sambaza. Mwaka 1959 samaki hao walichukuliwa kutoka ziwa Tanganyika, wakatiwa katika Kivu, ambamo samaki wa kuvuliwa walikuwa wachache. Wakazaa na kuenea. Leo wavuvi wa Bukavu na Goma huenda ziwani usiku kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja mitatu mitatu, wakipiga kasia kwa nyimbo. Huwasha taa juu ya maji, na samaki huifuata nuru hata wavuni. Wavuvi wa Tanganyika hutumia taa vile vile.

Ndugu wa Kalemie alisema kwa mzaha: «Basi sambaza zenu ni wakimbizi wetu.» Wa Bukavu akajibu: «Ndiyo, lakini kwetu wamepata uraia.» Tulicheka, tukawapika pamoja kwa nyanya na pilipili. Hatukujua kwamba neno lile la ukimbizi litarudi upesi, wala halitakuwa mzaha.

Mwenzetu asemaye kwamba ameshiba

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Katikati ya mwezi wa pili Bukavu nayo ikaangukia mikononi mwao. Mabenki yakafungwa. Wazazi wa mwenzetu walikuwa wazima, Mungu asifiwe, lakini feza yao ilikuwa nyuma ya mlango usiofunguliwa. Mwezi wa tatu ulipoanza, hakuwa na sehemu yake ya kutoa.

Hakutuambia neno. Alianza tu kutoka nyumbani kila saa ya kula. Alisema: «Kuleni, mimi nimeshiba, nimekula kwa rafiki.» Siku ya kwanza tuliamini. Siku ya tatu tulimwona chini ya mwembe wa ua wa jirani, daftari limefunguka magotini, macho yake hayasomi. Tena mshipi wake ulikuwa umehamia tundu jingine.

Wasomaji, aibu ya njaa ni nzito kuliko njaa yenyewe. Mtu mwenye elimu, kijana wa familia yenye nyumba na mashamba, hawezi kwa upesi kusema: «Nipeni.» Ndiyo maana tulikaa wanne jioni ile na kushauriana kabla ya kumwita. Wala shauri halikuwa jepesi. Ndugu wa Kolwezi alisema wazi: «Sisi nasi ni maskini. Sehemu nne zikigawanywa kwa watu watano, sote tutakuwa na njaa. Sikutumwa hapa kulisha miji iliyovamiwa.» Maneno hayo ni makali, lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli. Mwenye daftari aliihakikisha: kwa feza iliyobaki tuliweza kupika uji asubuhi na chakula kimoja jioni, basi.

Watatu walikubali. Wa Kolwezi alichukua sehemu yake, akanunua vitu vyake, akapika peke yake upande wa pili wa ua.

Tulimwita mwenzetu wa Bukavu, tukamwambia kwamba tangu leo daftari lina safu mbili: moja ya feza na moja ya kazi. Asiye na feza ataandika kazi. Wahenga walisema kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Jembe si adhabu. Ni ishara ya kuwa amekuwa mtu wa nyumba. Ndugu huyu ni hodari wa hesabu. Akaanza kuwafundisha jioni watoto wa ua wetu na wa nyua za jirani, na wazazi wao wakalipa kwa walicho nacho: kibaba cha unga, chupa ya mafuta, fungu la mboga. Siku nyingine safu ya kazi ilileta chakula kupita safu ya feza.

Na ndugu wa Kolwezi? Siku tatu alipika peke yake, nasi tulisalimiana kama kawaida. Siku ya nne mvua kubwa iliingia katika makala yake, na moto ukakataa kuwaka. Saa ya jioni ndugu wa Bukavu mwenyewe alivuka ua, akasimama mlangoni pake, akasema: «Kaka, chakula tayari, twakungoja.» Hakusema zaidi. Wa Kolwezi alichukua kiti chake akaja. Usiku ule tulikula bukari na lenga-lenga bila samaki wala nyama. Katika vyakula vyote vya mwaka, hiki ndicho tunachokitaja mara nyingi tukiwa pamoja.

Mihogo haipendi haraka

Upungufu ulituletea kishawishi kingine. Mchuuzi mmoja alituonyesha mihogo michungu kwa bei ya chini sana. Mmoja wetu akasema: «Tuiloweke usiku mmoja, kesho tuianike, tupate unga.» Ndugu wa Kalemie akakataa kabisa.

Tafadhali, wazazi na wanafunzi, shikeni jambo hili. Mihogo michungu ina sumu ya siyanidi. Yafaa ilowekwe siku tatu ao kupita, hata ilainike, kisha ikauke vizuri. Watu wanaokula karibu mihogo tu isiyotengenezwa kwa muda wa kutosha, tena bila samaki, nyama, viwavi wala maharagi, waweza kushikwa na konzo. Jina hili latoka katika lugha ya Wayaka, nalo lamaanisha miguu iliyofungwa. Daktari Trolli alieleza habari za ugonjwa huo katika Kwango mwaka 1938. Miguu hukaza ghafula, na hakuna dawa ya kuirudisha kama ilivyokuwa. Hushika hasa watoto na wamama walio katika umri wa kuzaa. Hutokea zaidi wakati wa vita na ukame, kwa kuwa mwenye njaa hana subira ya kungoja siku tatu.

Iko namna rahisi ya kupunguza sumu inayobaki katika unga. Changanya unga na maji, uutandaze mwembamba juu ya sinia ao mkeka, uuache kivulini saa tano, kisha uupike siku ile ile. Sumu nyingi hutoka hewani. Sisi twafanya hivyo hata sasa kwa unga wote wa mihogo tusiojua ulivyotengenezwa.

Ijumaa za Kwaresima

Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 mwezi wa tatu 2025. Mwenzetu mmoja aliuliza: «Mwenye kula mara moja kwa siku afunge nini tena?» Padri wetu alijibu kwa upole kwamba Kanisa halimlazimishi mwenye njaa kuongeza njaa. Lakini kila mtu ana kitu cha kuacha: neno la uchungu, kiburi, ao tamaa ya kuchota wa kwanza. Basi tukapanga kwamba siku za Ijumaa kila mmoja atamchotea mwenzake, wala hakuna atakayejichotea mwenyewe. Jaribuni katika nyumba zenu. Mtaona jinsi mafungu yanavyokuwa makubwa kwa ghafula!

Na chakula chetu cha Ijumaa kilikuwa chikanda. Wageni hukidhani kuwa nyama, kwa sababu hukatwa vipande kama soseji, rangi yake hudhurungi. Kumbe hakuna nyama ndani. Ni viazi vidogo vya mimea ya maua iitwayo okidi, iotayo katika mbuga zenye maji. Hukaushwa na kutwangwa, kisha huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, na kupikwa hata mchanganyiko ugande. Wengine hutia makaa juu ya kifuniko ili upande wa juu nao uive. Kipande kimoja na bukari kidogo chatosha. Lakini hapa tena tumeonywa: anayechimba kiazi aondoa mmea mzima, nao haulimwi shambani kama mihogo. Kwa hiyo okidi hizi zimepungua katika mahali pengi, na wachuuzi huzifuata mbali.

Samaki wa Pasaka

Pasaka ilikuwa tarehe 20 mwezi wa nne. Ndugu wa Kasenga alipata mgeni: mama yake mzazi, aliyefika na kikapu cha samaki waliokaushwa kwa moshi. Alipoambiwa habari ya Kwaresima yetu, alicheka, akasema: «Leo hakuna daftari.» Alipika samaki wale kwa nyanya na karanga, akatulisha hata tukashindwa kusimama.

Baada ya kula alitusimulia mambo ya mto wao. Katika miaka ya ukoloni Kasenga ilikuwa na wachuuzi wengi Wagiriki, wenye mashua na magari, waliopeleka samaki Elisabethville ili kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Palikuwa na samaki mmoja mashuhuri, mpumbu, aliyepanda mto Luapula makundi makundi wakati wa mvua ili kutaga mayai. Watu walimtega njiani, amejaa mayai, wakauza nyama na mayai yake pia. Kila mwaka walivua zaidi. Kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Mama yule alisema kwamba wazee wake walizoea kumtaja mpumbu kama mtu atajavyo marehemu.

Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, tulisikia kwamba Papa Fransisko amefariki. Furaha na huzuni vilikaa mezani pamoja.

Kijana aliyekataa chakula kibovu

Mwaka wetu wa masomo ulikuwa karibu kwisha ilipofika tarehe 15 mwezi wa sita 2025. Siku ile, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta za Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri Floribert Bwana Chui Bin Kositi, kijana wa Goma. Wengi wenu mnajua habari zake, lakini sisi tulizisikia kwa masikio mapya, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kujifunza bei ya chakula.

Floribert alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Alikuwa pia mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani. Mwaka 2007 vyakula vilivyoharibika vilitaka kuingizwa Goma. Aliahidiwa feza ili afumbe macho. Akakataa, kwa sababu alijua ni nani watakaokula: maskini wa mji, wasioweza kuchagua. Mwezi wa saba 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Tulisoma habari hizo kwa sauti katika ua wetu. Ndugu wa Kolwezi alinyamaza muda, kisha akasema kwamba yeye asomea uhandisi wa migodi, na kwamba siku moja naye atawekewa bahasha mezani. Hatukumjibu, kwa kuwa hakuwa akitutafutia jibu sisi. Sote watano twatazamia kazi ambazo ndani yake mkono wetu utashika chakula, maji, dawa ao mshahara wa watu tusiowajua. Aliyezoea kujichotea wa kwanza nyumbani, atawachotea wengine namna gani ofisini?

Neno kwenu

Ninyi wanafunzi wa sekondari mtakaokuja mijini mwaka ujao, tafuteni wenzi wa chungu kabla ya kutafuta chumba kizuri. Andikeni matumizi. Wekeni safu ya kazi karibu na safu ya feza. Jifunzeni kupika, ninyi wavulana pia, maana mwiko hauulizi. Na mwenzenu akisema mara tatu kwamba ameshiba, msimwamini: mwendeeni.

Ninyi wazazi, msione haya kutuma kifurushi cha ndakala, maharagi ao viwavi kwa sababu ni chakula cha kijijini. Chakula kile ndicho kilichotushika wakati benki ilipofungwa. Na mnapoongea na watoto wenu kwa simu, ulizeni kwanza habari za chungu, kisha habari za masomo.

Katika sala aliyotufundisha Bwana wetu Yezu Kristu, twamwomba Baba mkate wa siku. Lakini tusikilize vizuri maneno yale: hakuna mtu anayejiombea mkate peke yake. Tumelisema neno hilo tangu utoto. Mwaka huu tumejifunza kulipika.

Ndugu wa Bukavu alifaulu mitihani yake mwezi wa saba. Wote watano tumekubaliana kurudi katika ua ule ule. Mbabula imepasuka upande mmoja, lakini bado yafaa.